Meza Iliyovaa Koti

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa palepale dirishani na pini mdomoni. Mimi sijambo. Kiwandani ni yaleyale, sare za shule, sare za walinzi, sare za wauguzi, nakata mpaka nikifumba macho naona kola. Msalimie Baba na umwambie soksi nimezipata, ingawa sijui nani alimdanganya kwamba mjini hakuna soksi.

Sasa keti. Kama umeshaketi, shika kitu.

Nimepata nyumba! Vyumba viwili na jiko, na chumba cha mbele, Shangazi, kina madirisha matatu makubwa yanayotazama barabara. Unakumbuka ulivyoniambia siku nilipokuja huku? Ulisema, "Siku utakayopata chumba chenye mwanga wa kukatia kitambaa cheusi, niite, nitafunga virago." Basi nilikwenda kukikagua na kipande cha kitambaa cheusi kwenye mkoba. Nikakitandaza sakafuni, nikapiga magoti, nikaanza kutazama nyuzi zake mbele ya mwenye nyumba. Yule mama macho yalimtoka, nadhani alifikiri nimekuja kumloga. Uzi mmoja mmoja niliuona! Nikamwambia palepale kwamba naichukua.

Meza yako ya kukatia itakaa katikati, cherehani tutaziweka dirishani. Kiwandani nimeshamwarifu msimamizi kwamba mwisho wa mwezi wa nne naacha kazi. Usishtuke. Ninachokiweza nakijua, na nisichokiweza nakijua pia: kukata nakata, lakini kushona kama wewe siwezi wala sitaweza, kola zangu zinalala upande. Bila wewe sina duka, nina chumba chenye madirisha tu. Ukija tutakuwa mafundi wawili wenye kibao chao mlangoni, kama tulivyopanga tangu nilipokuwa nakaa chini ya meza hiyohiyo nikiokota vipande.

Nyumba iko juu juu hivi, kwa hiyo hakuna vumbi na makelele hayafiki. Tafuta watu wa kuhamisha mizigo wenye akili timamu, si wale wa kutupatupa. Nijibu haraka, roho yangu haitulii.

Binti wa kaka yako,
Sindano


19 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Huku wote wazima. Baba yako anakohoa na bado anasema ni vumbi, na jirani kanunua jogoo asiyejua saa. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimeketi, mara ya tatu nimemsomea baba yako kwa sauti kubwa. Amesema nitarudi kabla sufuria hazijapoa. Nikamwambia basi asubiri mlangoni na kitambaa cha kushikia sufuria.

Naja! Nilisema nitakuja na naja. Nyumba nimeshampangisha mwalimu mpya wa hesabu, mtu wa watu, ana mke na watoto, wanaingia mwanzoni mwa mwezi wa tano. Ameanza kuja kupima mapazia nami bado nimo ndani. Kwa hiyo kurudi nyuma hakuna, mlango nimeufunga kwa mkono wangu na ufunguo nimempa mwalimu.

Sasa nikueleze ninavyofungasha. Wenzangu wanafunga vitu kwa maboksi na gundi. Mimi, fundi mzima, nifunge kwa gundi? Nimetoa mabaki yote ya vitambaa, na mapazia yaliyokataliwa na wateja, na turubai, na kila kitu nakishonea vazi lake kwa kipimo chake. Viti vimevaa suruali. Redio ina kizibao. Kabati la vyombo nimelipa gauni la yule bibi harusi aliyeghairi na hakulifuata tena, limekaa vizuri kuliko ambavyo lingemkaa yeye. Meza ya kukatia nimeishonea koti zito lenye bitana na kola, nikalitia na mfuko, maana koti lisilo na mfuko ni blanketi. Kila vazi nalifunga kwa mshono wa kurudia, halifunguki hata likiangushwa mtoni.

Watu wa kuhamisha nimewaona watatu. Wa kwanza alikuja na gari dogo akaniuliza kama nina kamba ya kumwazima. Wa pili alisema yuko njiani, na mpaka leo yuko njiani. Wa tatu ndiye mtu. Vijana wake wanamwita Taratibu kwa sababu ndilo neno pekee analowapigia kelele. Ni mtu mzima, mpana wa mabega, anaingia ndani anavua viatu. Alikuja na tepu yake ya kupimia, mimi nikatoa yangu, tukaipima meza kila mtu upande wake tukitazamana kwa wasiwasi. Vitu vya darini alivishusha mwenyewe, mimi nilikaa chini natoa amri. Alipomaliza akaniuliza, "Mama, kule tunakokwenda ni ghorofa ya ngapi, na ngazi zake zikoje?" Niandikie nimjibu.

Jambo moja dogo. Ile cherehani ya kukanyaga siji nayo, nitampa mke wa mwalimu. Mjini kuna umeme, nani anakanyaga siku hizi? Na siku hizi natembea na mwavuli wa marehemu mume wangu hata jua likiwaka. Baba yako ananicheka. Mwambie ni mtindo.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa niaba ya viti vilivyovaa suruali. Nimecheka peke yangu kwenye foleni ya posta mpaka mtu aliyekuwa mbele yangu akanipisha.

Mimi nipo kwenye rangi. Kila nikitoka kazini napaka ukuta, chumba cha mbele kimekuwa cheupe na mimi pia. Kibao nimeshaagiza kwa mchoraji, ameniuliza tuandike nini, nikamwambia angoje, jina atachagua Shangazi. Mwenye nyumba amenizoea, sasa ananiita "wa kitambaa cheusi". Anauliza kila siku utafika lini. Nimemwambia unashona suruali za viti, akaniomba nirudie.

Huyo Taratibu ana mke? Naiulizia meza.

Kuhusu swali lake, mwambie asiwe na wasiwasi kabisa. Mlango wa nyumba ni mpana, lori linafika mpaka getini, na barabara ni ya lami tangu mwanzo hadi mwisho. Madirisha pia ni mapana.

Lakini cherehani, Shangazi! Cherehani uliyonifundishia? Nilikaa mapajani mwako, wewe ukikanyaga, mimi nikiongoza kitambaa, nikadhani naishona dunia nzima. Huku kuna fundi anafunga mota ndogo kwenye cherehani za kukanyaga, unabonyeza tu inakimbia. Mwambie mke wa mwalimu aniwie radhi. Usimpe. Sikuelewi hata kidogo, wewe ambaye ulikataa kuazimisha hata chupa ya mafuta yake. Na mwavuli nao, tangu lini wewe na mitindo mmekuwa marafiki?

Jibu, tafadhali, na usiruke mistari.

Sindano


17 Machi

Sindano,

Marahaba. Baba yako mzima, jogoo bado ni mjinga. Kabla hujaendelea kusoma, ahidi hutacheka.

Jana nimemaliza. Kila kitu ndani ya nyumba hii kimevaa na kimefungwa, isipokuwa godoro, sufuria moja na mimi. Nikapiga mshono wa mwisho kwenye furushi la mwisho, nikapeleka mkono shingoni nichukue mkasi nikate uzi. Mkasi hakuna. Utepe wake hakuna. Nikatazama chini, juu, chini ya godoro. Kisha nikakumbuka kwamba mkasi mdogo niliuweka na vifungo, ule wa meno niliuweka na zipu, na ule mkubwa, mkasi wangu wa kazi, niliuweka mahali salama. Mahali salama pamo ndani ya mojawapo ya mafurushi haya, na yote nimeyashona mwenyewe, kwa uzi wa turubai, mshono wa kurudia!

Nilikata uzi kwa meno. Jirani akaja na kisu cha jikoni, nikamwambia kazi yangu haifunguliwi kwa kisu cha vitunguu. Taratibu aliposikia alicheka mpaka ikabidi akalie kiti, na kiti kikiwa kimevaa suruali akacheka upya. Mke hana, alifariki zamani. Meza imeshukuru kwa kuulizwa.

Sasa wewe. Niliuliza ghorofa, umenijibu mlango. Sikuuliza mlango. Taratibu ameniuliza tena, na mimi nakuuliza tena, ghorofa ya ngapi? Yeye ana mzigo wa mfamasia mmoja anauleta huko mwisho wa mwezi, nimempa anwani yako apite aone mwenyewe, maana naona unamzungusha.

Juzi ulinipigia simu nikaiacha ilie. Unanijua, simu kwangu ni ya wateja. Kwenye simu mtu anasema ndiyo kabla hajafikiri. Mambo yetu tumeandikiana tangu ulipokuwa shule ya bweni na hayajaharibika.

Cherehani tuiache kwanza.

Shangazi


2 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, nisamehe.

Taratibu alikuja. Nilimfungulia geti la chini, akavua kofia, akaanza kupanda nyuma yangu. Kila pembe ya ngazi alisimama akaipapasa kwa mkono. Tukafika ndani. Akaenda dirishani, akatazama chini, akapima dirisha, akatabasamu. "Meza haitapita kwenye ngazi," akasema, "lakini dirishani inapita, nitaivuta kwa kamba. Tatizo ni mama. Yeye dirishani hapiti."

Nikamuuliza mama ana nini. Shangazi, yule mzee aliuziba mdomo wake kwa mkono. "Goti," akasema. "Nilidhani unajua."

Goti! Ndiyo maana cherehani ya kukanyaga inagawiwa. Ndiyo maana mwavuli unatembea juani. Nimekaa sakafuni nimeisoma upya kila barua yako, kila mahali pana goti nami nimeona utani tu. Kwa nini hukuniambia? Nilikupigia simu jioni ileile, hukupokea, na safari hii nilitaka kusema jambo la maana.

Na mimi niseme langu. Ni ghorofa ya nne. Lifti hakuna, haijawahi kuwepo. Niliogopa kuandika. Nilijua ukisikia utafikiria kupanda na kushuka kila siku, utasema nianze peke yangu, wewe utakuja kunitembelea tu, na ningebaki na madirisha yangu. Nilijiambia ukishafika na kuuona huo mwanga, utasahau ngazi. Sikuwaza kwamba ungefika usiweze kupanda.

Umeumwa tangu lini? Umeonekana na daktari? Nijibu hilo kwanza. Nyumba baadaye.

Sindano


2 Aprili

Sindano,

Taratibu amerudi. Nimemkalisha, nimempa chai, nimemuuliza ghorofa ya ngapi. Akaanza kunisifia madirisha. Nikamwambia, "Baba, hata wewe?" Ndipo akasema.

Ghorofa ya nne! Na unaniandikia lami! Nimekasirika, nakuambia wazi ili usije ukasema hukujua. Mimi nikipanda huko siku ya kwanza, kushuka kwangu kutakuwa ni kwa jeneza. Goti langu la kulia limegoma tangu mwaka jana. Daktari amelitazama, amenipa dawa ya kuchua na akasema nisipande wala nisikanyage. Mwenyewe nilikuficha, hilo nalijua, huna haja ya kunikumbusha. Nilikuficha kwa sababu ungesema, "Shangazi, pumzika." Kila mtu anataka nipumzike. Baba yako anataka nipumzike, jirani anataka nipumzike. Sitaki! Nimeshona sare na magauni ya mji huu mdogo maisha yangu yote, nilitaka mara moja tu nishone mahali ambapo mteja anaingia simjui mama yake.

Basi nikasema, imekwisha. Siji. Nikainuka nifumue kila kitu, nimwambie mwalimu atafute kwingine. Nikaenda kwenye furushi la kwanza, nikapeleka mkono shingoni.

Mkasi hakuna.

Nikavuta uzi kwa vidole, haukusogea. Ni kazi yangu, hauwezi kusogea. Nikakaa kwenye kiti chenye suruali, katikati ya vitu vyangu vyote vimevaa vinasubiri safari, nikacheka, kisha nikalia, kisha mke wa mwalimu akaingia kupima dirisha la jikoni akatoka kinyumenyume.

Kesho nitaazima wembe kwa kinyozi. Sijui nikuandikie nini zaidi.

Shangazi


9 Aprili

Shangazi!

Usiguse wembe! Barua zetu zimepishana njiani. Hii siiamini posta, nampa dereva wa Taratibu, amekuja huku kuchukua vipuri na kesho anarudi. Ameahidi kuifikisha mkononi mwako hata kama umelala.

Shikamoo. Sikiliza. Nilipomaliza kuisoma barua yako nilishuka ngazi zote mbio bila kujua nakwenda wapi, na pale chini, pembeni ya geti, nikaona mlango. Nimeupita tangu mwezi wa pili kila siku asubuhi na jioni, sikuwahi kuuona. Nikamgongea mwenye nyumba nikamuuliza mle ndani mna nini. Akasema milango mibovu na makopo ya rangi. Nikamwambia, "Mama, nipe ufunguo." Akasema, "Na wewe na kitambaa chako cheusi tena!" Lakini alinipa.

Ni chumba cha chini kabisa, hakuna hata ngazi moja, unaingia kutoka barabarani kama unavyoingia dukani. Nimetoa milango mibovu yote, nimeosha sakafu, mwenye nyumba mwenyewe alishika ufagio. Kuna bomba la maji na choo nyuma yake. Amekubali tukichukue pamoja na cha juu. Kitanda chako kinaingia, cherehani zinaingia.

Siwezi kukuficha kitu tena, kwa hiyo nasema na ubaya wake. Dirisha lake ni moja, dogo, linatazama ukuta. Mwanga hakuna. Nimetandaza kitambaa cheusi, nimeona weusi tu. Na meza haiingii, nimepima, labda tuikate miguu, na najua utanikata mimi kwanza.

Kwa hiyo mwanga uko juu na wewe uko chini. Nimefika hapo akili imekwama. Lakini njoo. Njoo hata kama hatuna duka, tutafikiri tukiwa pamoja. Sitasema upumzike. Nakuapia sitalisema neno hilo kamwe.

Sindano


16 Aprili

Sindano wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba! Dereva alinikuta kweli nimelala, saa nane mchana, akanipigia hodi mpaka jogoo akaitika.

Wembe niliuazima. Ulikaa juu ya kola ya koti la meza karibu wiki mbili, sikuugusa, kila siku nikipata sababu. Leo nimeurudisha kwa kinyozi. Ameniuliza nilinyoa nini.

Akili yako imekwama kwa sababu umezoea kiwanda lakini umesahau kiwanda kinavyofanya kazi. Huko kiwandani mkataji na mshonaji wanakaa chumba kimoja? Hawakai! Wewe ni mkataji, unataka jua na meza kubwa. Kaa juu. Mimi ni mshonaji, nataka taa iliyoinama puani na kiti kizuri. Nakaa chini. Wateja nao wanataka mlango wa barabarani, nani atapanda ghorofa ya nne kupimwa kiuno? Nawapokea mimi, nawapima mimi, nakutumia vipimo na kitambaa, wewe unakata, unanishushia vipande, nashona. Mkataji juu, mshonaji chini. Hilo ndilo duka letu, na umelisafisha mwenyewe bila kujua.

Utauliza vipande vitashukaje, maana ukishuka na kupanda kwa kila mkono wa shati utaisha. Nilimuuliza Taratibu. Ameniambia meza ataipandisha kwa kamba na gurudumu lake dogo la chuma analoliita kapi, na analifunga juu ya dirisha kwa boriti imara. Nikamwambia, "Ukishamaliza na meza, hilo kapi liache." Akauliza la nini. Nikamwambia, "Tundike kikapu." Mwanangu, yule mtu alisimama katikati ya nyumba yangu akapiga makofi! Amesema amehamisha watu miaka yote, hajawahi kupangiwa kazi na mwenye mzigo.

Tunaondoka tarehe thelathini alfajiri. Nimeomba nikae mbele na dereva, sanamu wangu wa kupimia nguo atakaa katikati yetu, hana wa kuzungumza naye nyuma. Cherehani ya kukanyaga inakuja, mwambie fundi wako aandae hiyo mota. Mke wa mwalimu hakukasirika, amesema hata hivyo alikuwa hajui kukanyaga. Mwalimu naye ameniomba nimwachie kiti kimoja kikiwa na suruali yake, watoto wamekipenda.

Baba yako hacheki tena. Jana alikuja, akakaa kwenye godoro, akasema nyumba ina mwangwi. Nikamwambia mjini kuna nafasi. Akasema hawezi, ana jogoo wa jirani wa kumtukana. Kisha akatoa zawadi yangu ya safari. Soksi.

Nina furaha mpaka naona haya. Siku hizi nikiamka nashika mwavuli naanza kucheka kabla sijafika mlangoni. Nimehama mara moja tu maishani mwangu, Sindano, nilipoolewa nikaletwa hapa, na sikutoka tena.

Kibao kiandikwe "Juu na Chini". Mchoraji asilete maswali.

Shangazi


30 Aprili, jioni
Chini

Sindano,

Barua hii inapanda kwa kikapu. Nitavuta kamba, na ile kengele ya baiskeli uliyoifunga dirishani italia, na ukiisikia ujue posta ya kwanza ya duka letu imefika salama bila kuchelewa.

Shikamoo yako nimeipokea pale getini, lakini tulikumbatiana kidogo tu Taratibu akakutuma juu uipokee meza, na tangu hapo naona mkono wako tu dirishani. Kwa hiyo lazima nikueleze ambayo wewe huko juu hukuyaona, maana najua unajiuliza kwa nini nilipiga ukelele ule.

Watu walikuwa wamejaa barabara nzima. Muuza magazeti aliacha magazeti. Mwenye nyumba alisimama karibu yangu amefunga macho, ananiuliza imefika wapi. Meza yangu, na koti lake, na kola yake, inapaa! Nimekatia nguo juu yake zaidi ya miaka thelathini, sikuwahi kuiona tumbo. Taratibu anavuta na vijana wake, anasema neno lake moja, mtoto mmoja barabarani akaanza kulisema pamoja naye, kisha watu wote, barabara nzima inasema taratibu, taratibu. Nilisikia fahari, mwanangu, nakuambia kweli. Nilijiona nimeingia mjini kwa mlango wa mbele.

Ilipofika usawa wa ghorofa ya pili ikainama kidogo. Mfuko wa koti ukafunguka, na kitu kikachomoka kikaning'inia kwa utepe, kinametameta juani.

Mkasi wangu! Ulikuwa mfukoni! Mahali pekee katika mafurushi yote ambapo sikupashona, maana ni mfuko, nani anashona mfuko? Ningeweza kuutoa kwa mkono siku yoyote. Siku niliyokaa kwenye kiti nikalia, ulikuwa hapo umbali wa mkono. Na nashukuru sikuukumbuka, kwa sababu ningeukumbuka siku ile, leo ningekuwa nimelala kwenye nyumba yangu ya zamani, katikati ya vitu vilivyovuliwa nguo, nina hasira na goti.

Ndipo nikapiga ukelele. Watu walidhani kamba imekatika. Mwenye nyumba alinikumbatia. Taratibu hakuachia kamba, nampa sifa zake, aligeuza shingo tu akauona mkasi, akaniambia, "Mama, sasa ukicheka na mimi nitacheka, na nikicheka naiachia." Nikauma utepe wa mwavuli mpaka meza ilipoingia dirishani.

Yeye na vijana wake wamekwenda kulaza lori. Kesho anarudi, anasema suruali yake imepasuka kwenye kamba na anatafuta fundi. Ndiye mteja wetu wa kwanza. Usitabasamu hivyo, nakuona.

Sasa nipo huku chini. Taa yako nimeiwasha, inaangaza puani barabara kama nilivyotaka. Kitanda kimevaa, kabati limevaa gauni lake, cherehani imevaa, sufuria zimevaa. Nimekaa juu ya godoro nimevaa soksi za baba yako, na kila ninachokihitaji kimefungwa kwa mshono wangu mwenyewe. Mkasi uko kwako juu.

Usiutie kwenye kikapu, na usinijibu. Tumeandikiana vya kutosha. Shuka nao.

Shangazi